Sauti Iliyolala Kabatini

Mtaa mzima ulimwita Chaja, na wala halikuwa jina la heshima. Bwana huyu alikuwa mpiga picha za vitambulisho. Alikuwa na chumba kidogo chenye pazia jeupe na stuli ya kuzunguka, na kila simu mpya iliyoingia madukani ilimpunguzia wateja, kwa sababu siku hizi kila mtu anatembea na kamera mfukoni. Mtu mwingine angezichukia hizo simu. Yeye akazipenda. Alipenda kila kitu chenye taa ndogo ya kijani, kila kitu kinacholia ti ti ti kikichomekwa kwenye umeme, na kitu hicho kikifa hakukitupa. Alikitia kwenye droo. Droo ikijaa anaanza nyingine, mpaka kabati la sebuleni lililonunuliwa kwa ajili ya vyombo vya wageni likawa makao ya simu zilizozimika, mawaya na chaja ambazo hata yeye hakujua ni za nini.

Na si simu tu. Alikuwa na saa ya mkononi iliyompongeza kwa kutembea sana siku aliyoshinda amekaa kibarazani akipepeta mchele. Alikuwa na mizani inayotangaza uzito wa mtu kwa sauti, ndiyo maana wageni wa nyumba ile hawakuisogelea. Alikuwa na balbu inayozimwa kwa simu, na siku simu ilipoisha chaji alipanda juu ya kiti akaifungua kwa kitambaa huku ikimuunguza vidole. Ukimuuliza, alikuwa na jibu lake: vifaa havina kosa, ni sisi binadamu ambao bado hatujavizoea. Hilo alilishikilia kufa na kupona.

Mkewe alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alikuwa dalali wa ukumbi wa mnada, pale panapouzwa majokofu, makabati, vitanda na mizigo iliyotelekezwa na wenyewe. Watu walimwita Mama Nyundo, na hilo sasa lilikuwa jina la heshima. Alikuwa na sauti ya kumtoa mtu usingizini nyumba ya tatu. Akisimama jukwaani, mtu aliyekuja kupunga upepo alirudi nyumbani na meza ya kulia, hajui amepatwa na nini. Na ulimi wake, jamani, haukumwacha mtu salama, kuanzia kwa mume wake mwenyewe.

Kila asubuhi wakinywa chai, Chaja alimsomea habari za sayansi kutoka kwenye simu.

"Mama, unajua pweza ana mioyo mitatu?"

"Na mimi nina mume mmoja, na taka hajatoa."

"Kwenye sayari ya Zuhura, siku moja ni ndefu kuliko mwaka wake."

"Basi huko ndiko ulikoniahidi kurekebisha bomba la jikoni."

Chaja alicheka, akageuza ukurasa, na taka zilibaki palepale. Hapo kila mmoja alikwenda kazini kwake, na ugomvi ukahamia kwenye simu. Mama Nyundo hakuwa mtu wa kuandika. Alituma jumbe za sauti, ndefu, zenye utangulizi na viambatanisho. Alianza na kosa la leo, akapitia la juzi, akakumbusha la mwaka ule. Chaja alisikiliza sentensi ya kwanza na ya pili, akajua kosa ni lipi, akaandika "Sawa mama" na kurudi kwenye kamera yake. Msimlaumu sana. Waume wengi ndio mtindo wao, na wanaosoma hapa wanajijua.

Ndipo ukaja uvimbe kooni. Ulianza kama mafua yasiyopona, ukaishia kwenye chumba cha upasuaji. Daktari aliwakalisha kitako akawaeleza taratibu, bila kuzunguka: uhai umeokoka, ila sauti imekwenda, na haitarudi.

Nyumba ikawa kimya. Mama Nyundo alipewa ubao mdogo na kalamu ya kufutika, akawa anaandika yale ya lazima tu: chumvi, dawa, funga mlango. Mtu aliyekuwa na maneno ya ziada kila saa sasa alikuwa na maneno ya kuhesabika, na kila aliyemtembelea alimpigia kelele kana kwamba amekuwa kiziwi. Asubuhi moja Chaja alimsomea kwamba pweza anaweza kubadili rangi ya ngozi yake kufumba na kufumbua. Alingoja. Mkewe akatikisa kichwa kidogo, kwa adabu, kama anavyomtikisia mgeni. Chaja alikwenda kazini kwake, akafunga mlango, akakaa kwenye stuli ya wateja nyuma ya pazia jeupe, akalia. Alikuwa anamkosa mtu ambaye yupo nyumbani, na hakujua huzuni ya namna hiyo inapelekwa wapi.

Mwenye ukumbi alikuja kumjulia hali na mfuko wa machungwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa, akanywa chai, akazunguka weee, mwisho akasema kilichomleta.

"Dada, unajua ninavyokuheshimu. Lakini mnada bila sauti ni duka tu. Mpwa wangu amekushikia nafasi, na mnada unaokuja nimeamua nimkabidhi nyundo moja kwa moja."

Huyo mpwa watu walimwita Bwana Tai, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila tai shingoni hata jua liwe kali vipi. Alinadi jokofu kama anayesoma risala ya mazishi. Wanunuzi walipiga miayo, vitu vikaenda kwa bei ya kutupa. Lakini mpwa ni mpwa.

Mama Nyundo alichukua ubao. Akaandika: Nipe huo mnada mmoja.

Mwenye ukumbi akausoma, akausoma tena, akakuna kidevu. "Utanadi na nini, dada yangu?"

Akaandika: Hilo niachie mimi.

"Haya. Ukumbi ukiitika, nyundo ni yako, na mpwa wangu atatafuta kazi nyingine. Usipoitika, tusilaumiane."

Alipoondoka, Mama Nyundo alifuta ubao akaulaza mapajani. Hakuwa na chochote. Alisema vile kwa sababu hakuweza kuvumilia kusikia jina la Bwana Tai likitajwa pamoja na nyundo yake. Kazi ile ndiyo iliyomfanya awe yeye.

"Mama," Chaja akasema, "kuna kitu nimesoma."

Mama Nyundo akaangalia dari. Misiba yote ya nyumba ile ilianza na sentensi hiyo. Ndiyo iliyoleta mizani, ndiyo iliyoleta balbu.

Lakini safari hii Chaja alikuwa amesoma kweli, na akamsomea na yeye. Siku hizi kuna programu zinazomsaidia mtu aliyepoteza sauti. Unazipa sauti yake ya zamani, zinajifunza anavyotamka, anavyopandisha na kushusha, halafu yeye anaandika na mashine inasema kwa sauti yake mwenyewe. Kinachotakiwa ni kimoja tu: sauti ya zamani, na iwe nyingi.

Binti yao, aliyefanya kazi duka la dawa na kupita pale kila jioni, ndiye aliyeuliza swali lenyewe. "Tutaitoa wapi, Baba? Simu ya Mama haina kitu."

Kweli haikuwa na kitu. Mama Nyundo alikuwa mtu wa kufuta. Akishatuma, anafuta, simu yake safi kama sahani iliyooshwa. Na simu aliyokuwa nayo Chaja siku hizo ilikuwa mpya. Kisha macho ya Chaja yakaenda taratibu mpaka kwenye kabati la vyombo vya wageni.

Alifungua droo ya kwanza, ya pili, mpaka za chini kabisa, akaziweka simu zote mezani. Alitegemea kazi ya kutafuta chaja ipi ni ya simu ipi ingemmaliza. Haikumpa taabu. Kila simu ilikuwa imefungwa pamoja na chaja yake kwa uzi mweusi, fundo dogo la kubana. Chaja akajisifu mbele ya binti yake kwamba yeye tangu zamani ni mtu wa mpangilio, ingawa hakukumbuka kabisa kufunga hata fundo moja. Akachomeka. Nyingine zilikuwa zimekufa kweli, nyingine betri imevimba kama andazi, lakini nyingi zikawaka moja baada ya nyingine, ti ti ti. Na ndani yake, miaka na miaka, zilikuwemo jumbe za sauti za Mama Nyundo.

"Mlinicheka," Chaja akasema. Aliyasema hayo huku akifuta macho kwa shati, kwa hiyo hakuna aliyembishia.

Programu ilitaka vipande ambavyo sauti inasikika wazi, haina mkwaruzo. Chaja akafanya kazi hiyo studio kwake kati ya mteja na mteja, na alifanya kama alivyozoea: alisikiliza mwanzo wa kila ujumbe, akaukata hapo. Mianzo ndiyo iliyokuwa na sauti ya juu na safi. Miisho ilikuwa mirefu na ya chini, na yeye alishajua kosa ni lipi. Vipande akaipa mashine. Jumbe zenyewe nzima akazihifadhi kwenye tableti aliyomnunulia mkewe kwa kazi hiyo, ukurasa wa peke yake, kila ujumbe na jina la kosa lake, kwa sababu Chaja hatupi kitu.

Siku sauti ilipokuwa tayari, wakakaa sebuleni watatu. Mama Nyundo akashika tableti kwa mikono miwili, akafikiri, akaandika polepole, akabonyeza.

"Asante sana, mume wangu."

Ilikuwa yeye. Hakuna ubishi, ilikuwa yeye mtupu, na ule mkwaruzo mdogo anapofika kwenye neno la mwisho. Binti akajiziba mdomo. Ila kulikuwa na kasoro. Asante ile ilitoka kama ya mtu aliyekuta maziwa yamechemka yakamwagikia jiko zima.

Mama Nyundo akakunja uso. Akaandika tena.

"Karibuni chai."

Hiyo ilitoka kama amri ya kuhama nyumba.

"Baba," binti akauliza, "mashine umeifundisha na nini?"

"Na jumbe za mama yako."

"Zote ni za kugomba?"

"Mwanangu, hakuwahi kunitumia za aina nyingine."

Mabega ya Mama Nyundo yakaanza kutikisika. Chaja aliogopa, akadhani analia. Kumbe anacheka, kicheko kisicho na sauti, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, anajipiga paja. Hakuwa amecheka tangu hospitali. Chaja akacheka kwa kumtazama yeye, na binti akacheka kwa kuwatazama wote, wakavunjika mbavu pale sebuleni mpaka chai ikapoa.

Kucheka kulipoisha, kazi ilibaki. Mnada haungoji mtu aandike. Kwa hiyo wakatengeneza vitufe kwenye tableti, sentensi za mnadani zikiwa tayari: nani anaanza, nani anaongeza, mara ya kwanza, mara ya pili. Chaja akawa mnunuzi, akanunua masufuria ya nyumbani kwake mwenyewe na mkeka wa bafuni. Vidole vya Mama Nyundo vikazidi kuwa vyepesi. Lakini kila kitufe kilifoka, na siku moja alichukua ubao akaandika kile kilichokuwa kinamnyima raha: Watakimbia. Nani atakuja kununua kitu huku anagombezwa?

Chaja akamwahidi ataitafutia mashine upole. Akarudi kwenye simu za zamani, akapitia mwanzo wa kila ujumbe kutafuta hata kipande kimoja laini. Akaambulia patupu. Siku ya mnada ikafika sauti ikiwa ileile.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, jukwaa la mbao na spika mbili zilizotundikwa ukutani zinazokoroma kidogo. Chaja ndiye aliyeunganisha waya kutoka kwenye tableti, akaujaribu mara kadhaa, akaenda kusimama nyuma kabisa karibu na mlango. Mstari wa mbele alikaa Bwana Tai, mikono ameikunja kifuani, tai imebana. Mwenye ukumbi alisimama pembeni. Nyundo ilikuwa mezani, mbele ya Mama Nyundo, lakini siku hiyo ilikuwa ya kuazimwa na yeye alilijua hilo.

Meza ya kulia ikaletwa.

"Meza ya kulia, mbao ngumu, miguu yote ipo," ikasema sauti kutoka ukutani. "Nani anaanza?"

Watu wakageuka huku na huku kutafuta sauti inatoka wapi. Walimwona Mama Nyundo amesimama mdomo umefungwa, wakaingiwa na haya, kama waliofungua mlango wa chumba cha mtu. Wachache wakainua mikono kwa huruma. Na huruma, nawaambia, haipandishi bei. Meza ikaondoka kwa bei ya stuli.

Likaletwa jokofu. Mikono ikapungua. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Kumbe ni kanda tu." Bwana Tai akatabasamu. Mwenye ukumbi akainamisha macho kwenye viatu vyake. Chaja aliona mnada unakwenda, na kazi inakwenda, na mkewe anarudi kwenye ubao wa chumvi na dawa maisha yake yote.

Mama Nyundo naye aliona. Viganja vilikuwa vimelowa jasho. Akanyoosha kidole kubonyeza "nani anaongeza", kidole kikateleza, ukurasa ukageuka, na kabla hajajua yuko wapi alikuwa amebonyeza. Spika zote mbili zikanguruma.

"Wewe, usijifanye hunisikii. Najua upo hapo, na simu umeishika mkononi. Nakuuliza, unangoja nini?"

Haikuwa mashine. Ulikuwa ujumbe wenyewe, wa siku ile sufuria lilipoungua, na Chaja aliutambua kwa neno la kwanza. Alitamani ardhi ipasuke.

Lakini kwenye safu ya pili alikaa muuza samani mmoja mnene, mnunuzi mkubwa kuliko wote, na wakati huo alikuwa ameinamia simu yake anatazama mpira. Bwana yule aliruka. Simu ikaingia mfukoni, mkono ukaenda juu. "Naongeza, mama," akasema haraka. "Naongeza, nilikuwa nasikiliza."

Ukumbi ukaangua kicheko. Walicheka mpaka viti vikalia. Na katikati ya kicheko, mwanamke mmoja akainua mkono kumpita muuza samani, na muuza samani, ambaye sasa aibu imemshika, akaongeza tena.

Mama Nyundo alisimama akatazama tableti. Akamtazama muuza samani. Chaja aliyemjua kwa miaka yote hiyo aliona kitu kikirudi usoni mwa mkewe, nyusi moja ikipanda, na akajua kwamba kazi imeanza. Hakuurudia ukurasa wa vitufe. Aliubonyeza uleule, na sasa alibonyeza kwa makusudi, akiukata kila ujumbe baada ya sentensi mbili tatu.

"Jirani yako amekwishafanya. Wewe mpaka nije nikushike mkono?"

Mikono ikapanda. Ujumbe huo ulikuwa wa siku ya kusafisha mtaro.

"Kila siku sawa mama, sawa mama, halafu bomba linavuja vilevile. Leo nataka vitendo."

Wakapandishiana mpaka jokofu likafika bei ambayo jokofu jipya lingeona wivu. Nyundo ikagonga. Kikaja kitanda, likaja kabati, vikaja viti vya ofisi. Waliokuwa wanapita barabarani wakaanza kujaa mlangoni. Chaja akasukumwa mpaka ukutani, na kila spika ilipofoka yeye alijikunyata, kisha akajinyoosha. Aibu ilikuwa yake, lakini sauti ilikuwa ya mkewe, ikitembea ukumbini kama mwenye nyumba.

"Huyu mama ni moto," akasema mwanamke aliyesimama kando yake. "Sasa maneno haya anayatunga saa ngapi?"

"Hakuyatunga," Chaja akajibu. "Alimwambia mtu."

"Maskini. Nani huyo?"

"Mimi."

Yule mwanamke akamkagua toka juu mpaka chini. "Kumbe ndiye wewe ambaye hukutengeneza bomba," akasema kwa sauti, na safu nzima ikageuka kumwangalia. Chaja akawapungia mkono.

Ilipoletwa mashine ya kufulia, Mama Nyundo alishuka na macho mpaka mstari wa mbele, yakatulia kwa Bwana Tai.

"Umekaa hapo tangu asubuhi umekunja mikono kama mgeni. Hii kazi ataifanya nani?"

Bwana Tai akaikunjua mikono. Labda alitaka tu kurekebisha tai, hatutajua, lakini mkono wake wa kulia ulipopanda nyundo ilikuwa njiani. Pa. Mashine ya kufulia ikawa ya kwake. Hata mwenye ukumbi alijishika mbavu, akaegemea nguzo, akamwambia mpwa wake kwamba sasa ana kitu cha kuanzia maisha.

Kisha akapanda jukwaani. Akaichukua nyundo mezani, akaifuta kwa leso, akamkabidhi Mama Nyundo kwa mikono miwili mbele ya watu wote. "Yako, dada," akasema. "Nani mwingine ataiweza." Ukumbi ukasimama kupiga makofi, na Chaja alipiga mpaka saa yake ya mkononi ikampongeza kwa kutembea sana.

Wengine walikuwa wameanza kutafuta mlango, binti yake Chaja alipopanda jukwaani na boksi. Chaja akanyoosha shingo. Aliiona mizani. Akaiona balbu. Akaona simu zake za zamani, mawaya yanachungulia, na uzi mweusi.

Mama Nyundo akaandika. Sasa ilisema mashine. "Cha mwisho. Boksi la vifaa vya umeme, vingine havijulikani ni vya nini. Mwenyewe yupo ukumbini."

Watu wakageuka tena, wanacheka. Yeye akafungua ule ukurasa wa jumbe, akatafuta bila haraka, akabonyeza, akaweka tableti chini.

"Nimefungua kabati kutafuta sahani za wageni, yameniangukia mawaya yako kichwani. Hii ni nyumba au ghala? Mtu mzima na akili zako..."

Chaja alishajua kosa. Sentensi mbili zilimtosha, masikio yakaanza kujifunga yenyewe kama kawaida, na midomo ikaandaa "sawa mama". Lakini hapa hapakuwa na pa kubonyeza kuukata. Sauti ikaendelea. Ikapitia sahani, ikapitia bomba, ikakumbusha vumbi, na kadiri ilivyokwenda ikawa inashuka, inachoka, mpaka watu wakaacha kucheka ili wasikie.

"Haya. Nilitaka kuvitupa, nikaona utaumia. Nimekaa hapa nimevifunga kwa uzi, kila simu na chaja yake, usije ukahangaika siku ukivihitaji. Na lile shati la leo limekupendeza, asubuhi nilisahau kukuambia. Usichelewe kurudi. Mimi bila hao pweza wako chakula hakishuki."

Spika zikabaki zinakoroma. Chaja alisimama pale mlangoni, mtu mzima, machozi yanamshuka waziwazi, na hakuyafuta. Miaka yote ile aliusikia ugomvi akadhani ndio ujumbe wote. Alijiona mpumbavu na aliona furaha kubwa, vyote kwa pamoja, na furaha ndiyo iliyoshinda.

Mkono wake ukapanda.

Muuza samani naye akainua wa kwake, kwa uchokozi tu. Chaja akaongeza. Muuza samani akaongeza tena, ukumbi ukacheka, na Chaja akatembea katikati ya viti na mkono ukiwa juu vilevile, akaongeza na kuongeza mpaka akafika mbele ya jukwaa.

Mama Nyundo akainua nyundo yake. "Mara ya kwanza," ikasema sauti. "Mara ya pili. Mara ya tatu." Pa. "Umeuziwa wewe, mume wangu. Beba mzigo wako, twende nyumbani."

Walipotoka nje, watu wakiwapisha na kuwashika mikono, Chaja alikuwa amekumbatia boksi, mawaya yanamning'inia mpaka magotini.

"Mama, nimeelewa kosa langu," akasema. "Mashine niliipa mianzo peke yake. Upole wote uko mwishoni. Nipe siku chache nitaifundisha upya, utaongea laini kama asali."

Mama Nyundo akasimama katikati ya njia, akaandika, akabonyeza, na sauti ikamfokea mume wake mbele ya kadamnasi.

"Thubutu. Hii ya mnadani iache kama ilivyo. Ile laini ni ya kwako, nenda ukaisikilize nyumbani. Mpaka mwisho."

"Sawa mama," Chaja akasema, na akaongeza mwendo, maana ndani ya boksi lile kulikuwa na miaka mingi ya jumbe ambazo mwisho wake hakuwahi kuusikia.